Mke wangu anaogopa maji, na mimi nimeshalipia wiki nzima kisiwani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto wawili, nina miaka 46, naishi Dodoma. Kazi yangu ni ya kukaa: asubuhi mezani, mchana mezani, jioni kwenye gari. Mwaka jana daktari alinipima presha mara tatu ndani ya wiki moja na mara zote ikawa juu. Akanipa dawa, akaniambia nisipouacha mtindo wa kukaa hiyo dawa haitanisaidia sana. Tangu siku hiyo natembea kila alfajiri, na nimepungua kilo 9.

Hapo ndipo nilipopata wazo la likizo. Familia yetu haijawahi kusafiri pamoja isipokuwa kwenda kwenye msiba au harusi. Nimeweka akiba miaka miwili, nikalipia nyumba ya wageni Jambiani, Unguja, siku saba, mwishoni mwa Juni shule zikiwa zimefungwa. Tutafika Jumamosi. Mwanangu wa kiume ameangalia kwenye simu akasema usiku huo mwezi utakuwa mpevu, kwa hiyo picha zitapendeza.

Sikutaka likizo ya kula na kulala. Nikaandika ratiba. Saa 12 asubuhi kutembea ufukweni wote wanne. Saa 4 hadi saa 6 kuogelea baharini kila siku. Mchana safari: Jozani, Kizimkazi, Changuu, Nungwi. Jioni baiskeli. Nikaibandika kwenye mlango wa friji.

Mtoto wa kiume, ana miaka 12, aliifurahia mpaka akaikariri. Binti, ana 15, aliisoma akasema, "Baba, hii ni ratiba ya bweni." Mke wangu aliisoma kimya, akaendelea kuosha vyombo. Siku ya tatu ndipo akaniambia: "Nyinyi nendeni. Mimi nitakaa chumbani, niwe nawapikia."

Nilipombana sana akasema majini haingii, na hata boti hajui kama ataiweza. Alipokuwa na miaka 10, kijijini kwao Kilombero, alimwona binamu yake akitolewa mtoni. Alisimama ukingoni, na kanga waliyomfunikia maiti ilikuwa ya mama yake. Tuna miaka 17 ya ndoa, Shangazi, na sikuwahi kuisikia habari hiyo.

Dada yangu anasema nimpeleke tu, akifika atazoea. Rafiki yangu anasema niachane na bahari twende Mikumi tukaangalie wanyama. Pesa ya chumba hairudishwi. Nampenda mke wangu na sitaki akae chumbani siku saba akitukaangia samaki. Lakini pia nimeingojea hii safari miaka miwili. Nifanyeje?

Baba wa wawili, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa hizo kilo 9, si jambo dogo kwa mtu wa mezani.

Kwanza la dada yako, nilimalize. Usimlazimishe mkaza mwanangu. Mtu aliyeona maiti ya mtoto mwenzake ikitolewa mtoni hazoei kwa kusukumwa. Anachozoea ni kukunyamazia wewe. Miaka 17 amelibeba hilo peke yake, na amelitoa juzi tu kwa sababu ya karatasi kwenye friji. Ukimburuta mpaka majini, habari nyingine ya namna hiyo hutaisikia tena. Na Mikumi ni pazuri, lakini huko utakaa garini siku nzima, na wewe daktari amekukataza kukaa.

Nendeni Jambiani. Ila iondoe hiyo ratiba kwenye friji leo hii, maana ina kosa moja kubwa ambalo mtu wa bara hawezi kuliona, na ndani ya kosa hilo ndimo ilimo nafasi ya mke wako.

Umeandika kuogelea saa 4 asubuhi, kila siku. Mimi nimezaliwa Jambiani, nakwambia Jumapili hiyo saa 4 hakuna maji ya kuogelea. Mtasimama na taulo zenu na bahari mtaiona kwa mbali, mstari mweupe wa mawimbi yanayopasuka kwenye mwamba, na kati yenu na mstari huo ni mchanga, majani ya bahari na vidimbwi. Upande huo wa mashariki maji hurudi nyuma kilomita nzima na zaidi.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama au ukipevuka ndipo huwa bamvua: maji yakijaa yanajaa kwelikweli, yakipwa yanakauka, na tofauti ya juu na chini huweza kufika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, bahari hujaa kidogo na kupwa kidogo. Kwa Unguja, siku za bamvua maji hukauka kwenye saa 4 asubuhi na kujaa kwenye saa 10 jioni. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: asubuhi ndiyo maji yamejaa.

Nyinyi mnafika na mwezi mpevu. Maana yake nusu ya kwanza ya wiki yenu, asubuhi ni ya kutembea juu ya bahari iliyokauka na jioni ni ya kuogelea. Kuanzia Alhamisi hivi, asubuhi ndiyo inakuwa ya kuogelea. Hakuna ratiba ya friji inayoweza kushindana na hilo. Muulize mwenyeji wako kila jioni, "Kesho maji yanakupwa saa ngapi?" Mtoto yeyote wa kijijini atakujibu.

Sasa sikiliza habari ya mke wako.

Wewe unaposema bahari unaona maji yaliyojaa, mtu anaruka, anaogelea. Mkaza mwanangu akisikia bahari anauona mto wa Kilombero, maji ya rangi ya udongo yasiyoonyesha chini. Hiyo bahari ya Jumapili asubuhi haimo katika picha yako wala yake. Mwombe jambo moja tu: atoke nanyi kutembea maji yakiwa yamekupwa. Usimwambie "kuingia baharini". Mwambie kutembea.

Mama yangu alikuwa mkulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza pwani yetu mwaka 1989, na yeye alikuwa katika wanawake wa mwanzo mwanzo waliofunga vigingi hapo. Nikiwa msichana nilikuwa namfuata bamvua likiingia, kanga imekazwa kiunoni, gunia begani. Nakumbuka mchanga ulivyo pale. Umejikunja mistari mistari kama bati, unaukanda unyayo kila unapokanyaga. Katikati ya mistari maji yamebaki, yanafika kwenye kifundo cha mguu, yamepigwa na jua mpaka yana joto kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Ni meupe, unaona kucha zako. Humo utaona visamaki vya ukubwa wa punje ya mchele, jongoo bahari amelala kama kipande cha mpira mweusi, na kiti cha pweza chekundu, mikono mitano, kimenata kwenye jani. Mbele zaidi wanawake wamekaa ndani ya maji ya kiunoni wakiwa wamechutama, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, na sauti zao unazisikia kabla hujaziona sura.

Mtu anayeogopa maji anaweza kutembea hapo karibu mpaka kwenye mwamba, nusu saa nzima kuelekea kilindini, na maji yasivuke goti. Chini anapaona muda wote. Akitaka kurudi, anageuka na kutembea kwa miguu yake mwenyewe. Sijui kama atapenda. Lakini hiyo ndiyo bahari ninayoweza kumpa mtu kama yeye bila kumdanganya.

Masharti mawili. Msiende peke yenu, mchukueni mwenyeji, ikiwezekana mwanamke anayelima mwani au anayechokoa pweza, na mlipeni kwa asubuhi yake. Maji yanapoanza kurudi hayaji yote kwa pamoja kama ukuta. Yanapitia kwanza kwenye mikondo ya chini, kwa hiyo huweza kujaa nyuma yenu, karibu na ufukwe, wakati mlipo bado pakavu. Mwenyeji anaijua saa ya kugeuka, akisema turudi ni turudi, hata kama mwanao ameona kaa mkubwa. La pili, sitaki mtembee bila viatu: kuna wale wadudu wa miiba mirefu myeusi, ukimkanyaga mmoja siku mbili zinakuharibikia. Kwetu hupaka utomvu wa papai bichi, lakini afadhali usifike huko.

Baada ya hapo kama atataka kujaribu maji, iwe ni kauli yake. Na wewe usiwe mwalimu wake. Hili nakwambia kwa msisitizo, kwa sababu nimeona wanaume wema wakiwafundisha wake zao kuogelea na siku ikaishia kwa machozi. Mume anataka matokeo. Uliza nyumba ya wageni wakutafutie mwanamke anayefundisha. Aanze Alhamisi au Ijumaa, maji yakiwa yanaelekea kuwa mafu na mkondo umepungua, ndani ya mwamba, kwenye mchanga, kina cha kiuno. Somo la kwanza ni kulala chali, kiganja cha mwalimu kikiwa chini ya mgongo, masikio ndani ya maji. Maji ya chumvi yanambeba mtu kuliko ya mtoni, na hilo mwili wake utalijua kabla kichwa hakijakubali. Akifika hapo, yatosha kwa wiki moja. Wewe na watoto kaeni mbali, msimpige picha.

Boti. Mwulize leo, usingoje bandarini. Kivuko cha kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili, na Juni ni wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, bahari ya mkondoni huweza kuchafuka. Chukueni boti ya kwanza ya asubuhi, upepo huwa haujapamba moto. Mkae ghorofa ya chini kuelekea nyuma, ndiko kunakoyumba kidogo. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kupanda, akishaanza kutapika imeshachelewa. Kutoka Dodoma na treni ya SGR mtafika Dar kwa saa chache, laleni hapo, msiunganishe siku moja mkafika mmechoka. Na kama atasema boti haiwezekani kabisa, ipo ndege, dakika kama 20 kutoka Dar. Punguza safari mbili kwenye ratiba yako umlipie tiketi hiyo. Akiwa na Binti, wawili, si aibu.

Na hizo safari zenyewe zinahitaji kupunguzwa. Futa Nungwi. Jambiani iko kusini mashariki na Nungwi ni ncha ya kaskazini, mtakula karibu saa nne njiani kwenda na kurudi kukaa ndani ya gari, kitu ulichokikimbia.

Jozani, ule msitu, ibaki. Iko njiani, na mke wako ataifurahia kwa miguu mikavu. Humo wamo kima punju, wekundu mgongoni, nywele za kichwani zimesimama kama mtu aliyeamka, na kiasili hawapatikani popote duniani isipokuwa Unguja. Mwambie kijana wako amuulize mtembezaji habari ya mkaa. Kima hao hula mkaa wa kuni, kwa sababu unasaidia kuzuia sumu iliyomo kwenye majani ya miembe na mikungu wanayokula. Kuna pia njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Mkienda maji yamejaa, mnatembea juu ya maji na mikono kwenye kingo. Kwa mkaza mwanangu hiyo si hatua ndogo.

Kizimkazi nina neno nayo. Watu wanakwenda kuona pomboo, na wako manahodha wanaowafukuza kwa injini mpaka wanyama wale wanakosa pa kupumulia, boti sita zikimzunguka mama na mtoto wake. Inaniuma kuona hivyo. Mtafute nahodha anayekubali kusimamisha injini mbali na kungoja. Akikwambia "lazima mtawagusa", mwache. Msipompata, nendeni Kizimkazi Dimbani kuona msikiti. Kwenye kibla chake kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye mwaka 500 wa Hijria, ndiyo 1107. Mavazi yawe ya heshima na muombe ruhusa kabla ya kuingia.

Kisiwa cha Changuu mkiweke siku ya mwisho, mkirudi mjini. Wewe na kijana mwende na mashua kuona kobe wakubwa, wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na mke wako na Binti watembee Mji Mkongwe kwa starehe zao. Mtakutana Forodhani jua likizama.

Baiskeli ni wazo lako zuri kuliko yote. Ila si lazima iwe jioni. Maji yakikupwa mchanga wa karibu na ufukwe huwa mgumu, gurudumu halizami, mnaweza kufika Paje bila kugusa lami. Mkiwa na kusi usoni mnaporudi ndipo moyo wako utakapojua kazi, kwa hiyo msimalize nguvu mnapokwenda upepo ukiwasukuma. Paje mtaona watu wa kaiti, wale wanaovutwa juu ya maji na tiara kubwa, wanavyopaishwa. Kijana atataka. Masomo yake ni ghali, mwache aangalie mwaka huu.

Kuhusu presha yako: kabla ya safari rudi kwa daktari, mwambie unakwenda kwenye jua na joto na utakuwa unatoka jasho siku nzima. Baadhi ya dawa za presha zinamtoa mtu maji, na yeye ndiye wa kukuambia unywe kiasi gani na dalili gani zikufanye upumzike. Dawa ziwe kwenye begi la mkononi. Kati ya saa 6 na saa 9 mchana lala kivulini, hata kama unajisikia una nguvu.

Beba vitambulisho vya NIDA, na vya shule kwa watoto. Mwananchi hulipa bei ya mwananchi kwenye boti na kwenye hifadhi, lakini lazima uonyeshe.

Halafu Binti. "Ratiba ya bweni" si utovu wa adabu, mwanangu, alikuwa anakuambia kwamba umemsahau. Mpe siku moja nzima, Jumatano, aipange yeye, na mnaifuata wote bila kubishana. Akipanga kulala hadi saa 5, mtalala hadi saa 5. Wewe katembee peke yako alfajiri, nani kakukataza?

Na mke wako asipike. Kama hicho ndicho alichojipangia ili awe na udhuru, mwondolee udhuru huo kwa upole. Wapo wanawake pale kijijini wanaopika pweza wa nazi na wali kwa kuagizwa asubuhi. Akitaka kukaa kivulini na kitabu akiwatazama mnaoga, amekaa, ni likizo yake pia. Mradi asikae jikoni kwa sababu ya hofu.

Kabla ya yote hayo, kaa naye jioni moja watoto wakiwa wamelala, umuulize jina la yule binamu. Usimpe ushauri wowote. Muulize alikuwa mtoto wa namna gani, walikuwa wakicheza nini. Amekuwa peke yake ukingoni kwa miaka mingi mno.

Kesho yake nendeni sokoni pamoja mkanunue yeboyebo jozi nne, zenye mkanda wa kisigino. Za kwake azichague mwenyewe.

Shangazi